Kitabu Kilichofungiwa Karanga

Mama mudogo wangu sikumpenda, naye hakunipenda. Nilifika kwake Kadutu tulipomaliza kumzika mama yangu, dada yake, kule Kalehe, na tangu siku hiyo akaniita Mulaji, eti kazi yangu ni kula tu.

Basi, siku ya proclamation, ya kutangaza matokeo ya mwisho wa mwaka, nilitoka wa kwanza darasani, na maître, mwalimu wetu, akanipa kitabu. Kitabu kweli! Kwenye jalada kulikuwa na duara la dhahabu: kilishinda tuzo ya vitabu vya watoto huko Ulaya. Kilisimulia habari za mvulana aliyeshuka chini ya ziwa, kwenye mji wa watu waliopotea, kumtafuta mama yake, na mlangoni palilindwa na samaki mwenye meno ya chuma. Nilikisoma jikoni kwa sauti, nikiwageuzia watoto wa mama mudogo Kifaransa kuwa Kiswahili, naye anakaanga karanga zake za kuuza na kufoka.

"Bongo tupu, uongo! Maji iko na mulango?"

Nilibakiza sura moja. Mvulana amemshika mama yake mkono, wanapanda, samaki yuko nyuma yao. Nikatumwa maji.

Niliporudi, jalada lilikuwa chini, tupu. Kwetu proclamation ikishapita, makaye, yaani madaftari, yote ya mwaka yanachanwa kufungia karanga. Wauzaji wanayangojea kwa hamu. Mama mudogo, ambaye hakujua kusoma, alichana makaye yangu na kitabu pamoja.

"Si masomo imeisha? Hiyo makaratasi ingali ya nini?"

Wee! Nilikimbia mpaka sokoni. Nilipekua mitaroni, nikawapokonya watu vikaratasi mikononi, nikatukanwa mimi na ukoo wangu wote. Nilimpata samaki, nikaupata mlango, umeloa mafuta na chumvi. Sura ya mwisho sikuiona.

Siku nyingi zilipita. Halafu jioni moja, akikoroga karanga, bila kunitazama, akauliza polepole:

"Na ule mutoto... alimutoa mama yake?"

Nilijua vizuri anamuulizia mama gani: yule tuliyemzika Kalehe. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi mwake. Lakini hasira yangu haikuwa na huruma siku ile, na hata leo haina.

"Uulize wale walikula karanga," nikamjibu.