Jiko la Midoli ya Kabula

Nianze na ujinga wangu, maana msiponicheka sasa mtanicheka mbele ya safari: nilichukua nyundo, nikaenda kwenye mahame ya watu, nikavunja figa. Si kwa njaa, si kwa ugomvi. Nilitaka vijiwe vitatu vyeusi vya jiko la midoli. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kagongwa, na asiyeniamini aje nyumbani aulize. Kunipata ni rahisi, siendi popote.

Kweli siendi. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ni mashineni kukoboa mpunga, na nikirudi najilaza kama niliyetoka Mwanza kwa miguu. Mume wangu yuko machimboni Geita, anarudi mwisho wa mwezi, hivyo tunabaki mimi na binti yetu Kabula, wa darasa la kwanza. Masika hii, matope yalipotufungia ndani, nikamwahidi kumtengenezea midoli yake jiko. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wakijenga majiko madogo, nikajisemea, mimi na kidato cha nne changu nashindwa nini?

Nikachukua boksi la sabuni, nikakata upande mmoja ukabaki wazi. Kuta nikazikandika udongo wa kichuguu. Vizibo vya soda vikawa sufuria, njiti ya kiberiti nikaichonga ikawa mwiko, ganda la karanga likawa kata ya maji. Kinu nilikichonga kwenye kipande cha mshumaa. Jamani, lilipendeza! Kasoro ikabaki mafiga. Nilipaka kokoto masizi, zikaonekana kokoto zilizopakwa masizi.

Ndipo nikakumbuka mahame yaliyo nyuma ya majaruba ya mpunga. Familia ya pale ilihama kabla mimi sijaolewa huku. Waliondoka na mabati, milango, hata kuni, wakaacha mafiga matatu kwenye majani. Ndivyo ilivyo huku: mji ukihama, mafiga hubaki. Ni ya mama aliyepikia pale, na hayaguswi. Nilijua? Nilijua. Nikayaita mambo ya kizamani, nikaligonga moja, nikarudi na vipande vitatu vyenye masizi ya kweli, najisifu njia nzima.

Wiki haikuisha, Kabula akaacha kula.

"Nimeshiba, mama." Ugali, ameshiba. Wali, ameshiba. Hata chapati, mtoto aliyekuwa akizilia machozi! Zahanati wakampima, malaria hakuna, minyoo hakuna. Jirani yangu Mama Shija akanitania, "Labda ameanza kujua chakula kizuri," maana mapishi yangu yana sifa yake mtaani. Nikacheka naye. Lakini nikimwogesha mtoto, mbavu zilinigonga vidole. Gauni la shule likawa linamteleza mabegani. Na mdomo wake, niaminini, ulinuka michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa juani. Kwangu hapakuwa na michembe hata kipande. Sasa nani alikuwa anamlisha mwanangu?

Watu hudhani mambo haya huja usiku wa manane. Kwangu yalikuja alasiri, mvua inanyesha, nachambua mchele sebuleni. Nikasikia harufu ya moshi kutoka chumbani kwa Kabula. Nikajua tayari, kachezea kiberiti. Nikavua ndala moja, nikaenda nayo mkononi.

Kabula alikuwa amekaa chini, amelielekea boksi. Mkono wake mtupu ukafinyanga tonge, ukachovya, ukapeleka mdomoni. Akatafuna. Akameza. Niliona koo likipanda na kushuka. Midoli yake yote ilikuwa imelala kitandani, niliifunika mimi mwenyewe mmoja mmoja asubuhi.

Nikainama, nikachungulia ndani ya boksi.

Kati ya vile vijiwe vitatu moto ulikuwa unawaka. Moto kweli, mdogo kama punje ya mahindi. Na mbele ya moto kulikuwa na mgongo. Mgongo wa mwanamke mzee aliyejifunga kaniki, hazidi kidole gumba changu, anasonga ugali kwenye kizibo cha soda. Mnaweza kusema macho yangu yalinidanganya. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Midomo ikajisemea yenyewe, "Shikamoo, mama."  Shikamoo yangu ikaanguka pale pale chini.

Kisha akasema, bila kugeuka, na sauti haikuwa ndogo. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyesimama karibu na sikio langu.

"Kwenu hampigi hodi?"

Mimi, nyumbani kwangu, naulizwa hodi!

"Jiko langu umelivunja," akasema, mwiko ukizunguka taratibu. "Nimelifuata lilipo. Huyu mtoto anakula vizuri. Akimaliza kushiba, nitaondoka naye, anisaidie kuchota maji."

Hapa naomba msinihukumu. Nilikimbia. Nilimwacha mwanangu pale, nikatoka na ndala moja mguuni na nyingine mkononi, nikapiga kelele hadi uani kwa Mama Shija. Yeye ndiye aliyeingia chumbani, akamnyakua Kabula, akambeba mgongoni. Mtoto alikuwa mwepesi, anasema, kama kapu tupu.

"Mawe ya jiko hili umeyatoa wapi?" akaniuliza. Nikamwambia. Akasonya. "Mama Kabula, shule ulienda kusomea nini?"

Nilitaka kulichoma boksi. Akanidaka mkono. "Unataka kuchoma jiko la mtu, mwenyewe yumo?" Hivyo nikalibeba, nimefumba macho nusu, tukakata majaruba kwenye mvua ile. Ndani ya boksi kitu kilikuwa kinakwaruza, kama mwiko unaokwangua ukoko. Sikuangalia. Nani angeangalia?

Kwenye mahame mafiga mawili yalikuwa yamesimama. Mahali pa la tatu palikuwa na majivu makavu, na mvua inamwagika, na majivu yale yalikuwa ya moto. Niliyagusa mimi, alama ya kuungua ninayo kiganjani. Nikapanga vipande vyangu vitatu, nikajaribu kuviunganisha viwe figa moja. Havikukutana. Katikati palibaki tundu, sehemu niliyoisaga kwa nyundo ikawa vumbi. Mama Shija akanyunyiza unga na maji, akamwomba mwenye jiko radhi kwa Kisukuma, akamwambia huyu ni mke wa kuja, hajui kitu. Nilikubali kuwa sijui kitu. Boksi tukaliacha pale. Njiani kurudi, Kabula akasema mgongoni kwa Mama Shija, "Mama, nina njaa." Nililia kama mtoto.

Kwa hiyo Kabula anakula. Amenawiri, tena ananizidi hamu. Lakini tangu siku ile anapika. Simfundishi, na mnajua sina cha kufundisha. Anasonga ugali mkubwa kuliko yeye, anapika michembe kwa karanga, haonji chumvi hata mara moja na haikosei. Baba yake aliporudi alikula akajilamba vidole, akasema, "Mke wangu, umefukuzwa kazi." Nilicheka. Sikumwambia kwamba jana yake, akinipakulia, mtoto wa miaka saba aliniambia kwa upole, "Kula, mwanangu, umekonda."

Nawaambia wazazi wenzangu: jengeeni watoto vitu vya kuchezea, maboksi yapo, udongo upo. Ila jiwe lililomlishia mwenzio watoto wake liacheni lilipo, hata kama mwenyewe hayupo. Hasa kama hayupo. Mimi natembea na tundu ambalo sijui nilizibe na nini.

Juzi nilimpelekea Mama Shija sahani ya michembe aliyopika Kabula, kama shukrani. Hakuipokea. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema:

"Mtoto wako nampenda, na wewe nakupenda na ujinga wako, lakini chakula anachopika huyo, wanangu hawali."