Kuku Waliolalia Mawe

Wifi yangu alikuwa na kuku watatu waliolalia mawe. Naandika kama nilivyoona, ingawa pale nilipoogopa huenda nimeongeza kidogo bila kujua.

Tulikuwa tunakaa Zuzu, nje kidogo ya mji, kwa kaka yangu. Kazi yake ilikuwa ya safari, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mkewe, mtu wa Kondoa, mwenye maneno kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la saba. Nilikuwa nimenunua mashine ya umeme ya kutotolesha vifaranga, nikaiweka chumba cha nyuma. Majirani wakaniletea mayai yao, nami nikaongeza ya kwangu, kila yai nikaliandika kwa penseli herufi ya mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilijua wazi kwamba mayai ya watu yakifia mikononi mwangu, hakuna atakayeniletea tena, na biashara itakuwa imekwisha kabla haijaanza.

Kwenye semina ya vijana wajasiriamali kule mjini tulifundishwa kuwa na plani B, yaani njia ya akiba. Nilipoulizwa nikasema yangu, umeme ukikatika, ni jiko la mkaa. Mwalimu akasifu, wenzangu wakapiga makofi. Jiko lenyewe sikuwahi kuliwasha mle chumbani hata mara moja nione linafanyaje. Simlaumu mwalimu. Angejuaje?

Sasa wale kuku. Kwetu kuku akitaka kulalia na mayai hakuna, watu humchovya kwenye maji baridi mpaka hamu imtoke. Wifi hakufanya hivyo. Aliokota mawe ya mviringo korongoni, akawawekea. Siku niliyoingia kwenye tembe bovu la nyuma, ile nyumba ya udongo ya zamani, kuchukua kuni, nusura nipige kelele. Vichwa vitatu gizani, vyote vimeelekea mlangoni, havitikisiki. Macho yapo tu. Nikapenyeza mkono chini ya mmoja wao, hakunidonoa. Nikatoa jiwe. Lilikuwa la moto, moto wa kitu chenye uhai, nikalishika nikingoja, na mpaka leo sijui nilikuwa nangoja nini.

"Wifi, hii si dhuluma? Unawadanganya hawa."

"Na wewe unayeyaambia mayai kwamba lile friji ndiye mama yao?"

"Lakini mawe hayaanguliwi, wifi."

"Nani kasema yataanguliwa? Umeme ni mgeni, mwenzangu. Leo yupo, kesho kaaga. Hawa nawaweka macho, hamu ya kulalia isiwatoke."

Nikamcheka, na nikamcheka tena mbele ya majirani. Naye, niseme haki, alishaicheka mashine yangu mbele ya watu hao hao.

Umeme ulikatika asubuhi, miezi ile ya baridi na upepo, mayai yakiwa yanakaribia kabisa kuanguliwa. Mvumo wa mashine tulishauzoea, hatukuusikia tena. Uliponyamaza ndipo niliposikia kilichokuwa chini yake. Mayai yalikuwa yanaita. Hakuna hata moja lililopasuka. Juu yametulia, safi, yamejipanga, na ndani kuna viumbe wanalia kwa sauti nyembamba sana, mmoja huku, mwingine kule, kama watu waliofungiwa wanaoulizana kama wote wapo.

Nikapiga simu kwa watu wa umeme. Wakasema nguzo zimeangushwa na upepo, mafundi wako njiani. Nadhani walisema kweli, maana hata bati la jirani lilikuwa limeng'oka. Nikawasha jiko. Nilipofunga dirisha, chumba kikapata joto na kichwa kikaanza kuniuma. Nilipofungua, upepo ukaingia na vumbi, joto lote likatoka. Nikafunga tena. Nilikuwa nimepiga magoti, natazama mayai, na yale mayai yalikuwa kama yanasogea mbali, ndipo mkono uliponishika kanga mgongoni ukanivuta mpaka uani.

"Unataka kufa na mayai ya watu?" Wifi alikuwa bado kanishika kanga. "Atakayekuja kuulizwa si mimi?"

Nikakaa chini. Kupitia mlango ulioachwa wazi sauti za mayai zilitufikia, ila zilikuwa zimepungua. Hapo ndipo kule kwenye tembe, wale kuku ambao sikuwahi kuwasikia, wakajibu. Sauti ya chini, ya kifuani, mmoja, kisha wote watatu. Mayai yakaita, wao wakajibu. Nywele zilinisimama. Wifi mwenyewe, aliyewaweka pale, alirudi nyuma hatua.

"Wamesikia," akasema. Akajifunga kanga vizuri. "Haya, leta."

Kuku watatu hawawezi kubeba mayai ya mashine nzima. Nikaanza kuyatenga kwa herufi, ili kila jirani apate sawa na mwenzake.

"Unafanya nini?"

"Nagawa kwa haki."

"Haki ya maiti hiyo! Weka sikioni. Linaloita, nipe. Lililonyamaza, liache."

Nikafanya hivyo, yai kwa yai, sikioni. Mengi yaliyoita yalikuwa na herufi yangu. Huenda ni kwa sababu ya kwangu niliyapanga katikati, penye joto. Huenda pia ni sikio langu lilitaka kusikia ya kwangu. Nimejiuliza sana na sipati jibu. Wifi alitoa jiwe, akaingiza yai, akatoa jingine. Alihofia kuku wangekataa kwa kuwa ilikuwa mchana, maana mayai ya kigeni huwekewa kuku usiku asipoona. Hawakukataa. Waliyavuta kwa midomo bila kututazama.

Yaliyobaki niliyafunika blanketi. Umeme ulirudi jioni. Kwenye mashine walianguliwa wachache mno. Kwenye tembe, karibu wote. Niliwachanganya vifaranga, nikawagawia wenye mayai kwanza, mimi nikabaki na wachache. Sisemi hivyo nisifiwe. Niliogopa kula kilichochaguliwa na sikio langu.

Kabla ya mgao huo, kuku mmoja, mwenye shingo isiyo na manyoya, hakuinuka. Tulidhani anawakinga watoto. Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama pakacha tupu, shingo imeanguka, na vifaranga wakatawanyika miguuni mwangu wakilia. Alikaa muda mrefu mno juu ya yale mawe, na chakula alikiacha. Wifi hakutania. Alisema, "Huyu tumemtumia," akaenda kutafuta jembe.

Siku hizi hatuwaweki kuku juu ya mawe muda mrefu. Anayeleta mayai tunamwomba alete na kuku anayetaka kulalia, wapokezane zamu, na kila asubuhi nawatoa mwenyewe ili wale na kunywa. Wapo wanaokubali. Juzi mama mmoja aliweka trei yake chini akaniangalia sana.

"Kuku tena? Haya si masharti ya kiganga, binti?"

"Ni kwa ajili ya umeme, mama."

"Umeme na kuku wangu wanajuana wapi?"

Nikamweleza yote, hata yule aliyekufa. Pengine hapo ndipo nilipoharibu. Akaokota trei yake, akaniaga vizuri tu, akaondoka. Wifi alinikonyeza nimwite, nimpokelee mayai bila kuku, kwani mteja ni mteja. Sikumwita. Umeme ni mgeni.