Baraza la Mtu Mmoja

Teodosio Hontoria hakupanda baiskeli mpaka alipofikisha miaka sabini na mbili. Maisha yake yote alichunga kondoo kwa miguu, katika nyanda za juu za Soria, Uhispania, ambako upepo hauna pa kujificha wala mtu hana pa kuukimbia. Mwenye baiskeli alikuwa mkewe, Visitación, ambaye watu wote walimwita Visi. Ilikuwa baiskeli ya kike, ya kijani, ina kikapu mbele.

Visi alikuwa mshika funguo. Kuna makanisa mawili ya kale, la Torrehonda na la Navalobos, ambayo hata babu wa babu zetu waliyakuta. Watu walipohamia Zaragoza na Barcelona na vijiji vikabaki vitupu, funguo zikaja nyumbani kwa Visi, kijiji cha Fuentelparra. Ni funguo za chuma, kila mmoja umepita urefu wa kiganja, zinafanana kama mapacha. Kila Jumapili Visi aliziweka kikapuni akaenda: kilomita saba mpaka Torrehonda, kisha sita zaidi mpaka Navalobos. Alifungua, akafagia mavi ya mbayuwayu, akawangoja wageni wanaotaka kutazama mawe, akafunga, akarudi. Miaka thelathini na mmoja.

Mwaka juzi, Februari, Visi akafariki. Wiki ya tatu baada ya mazishi Teodosio aliitoa baiskeli zizini. Alianguka mara nne mbele ya kuku. Mara ya tano hakuanguka. Jumapili akaenda Torrehonda. Hakumwambia mtu kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Mambo yakaenda vizuri mpaka sikukuu ya Mtakatifu Roko.

Torrehonda ina wakazi watano. Siku ya Mtakatifu Roko huwa mia mbili, maana wote walioondoka hurudi na wajukuu wao, na bendi ya tarumbeta hukodiwa. Sanamu ya mtakatifu iko ndani ya kanisa. Hutolewa, ikazungushwa kijiji kizima, ikarudishwa. Asubuhi hiyo kikapu cha Teodosio kilijaa maua, akachukua ufunguo mmoja tu. Alipofika mlangoni, ufunguo uliingia lakini haukuzunguka. Ulikuwa wa Navalobos.

Akarudi Fuentelparra, akaja tena. Kilomita kumi na nne, mwezi wa nane, saa sita mchana. Bendi ilipiga nyimbo zote ilizozijua, ikaanza upya. Padri Braulio, ambaye peke yake anahudumia vijiji kumi na vinne, alisimama juani na kanzu zake zote akitazama saa. Mlango ulipofunguliwa, aliyekuwa amepata kivuli siku hiyo ni mtakatifu peke yake.

Padri si mtu mbaya. Alingoja watu waondoke ndipo akasema, "Mzee Teodosio, Alhamisi niletee funguo mjini Peñalmira. Tutazitunza ofisini. Umri nao una haki yake."

"Sawa, Padri," Teodosio akasema.

Kwake yeye, hayo yalikuwa mazungumzo marefu. Usiku hakulala sana. Alikuwa akijiuliza Jumapili atafanya nini.

Alhamisi aliamka mapema, akaweka funguo kikapuni. Kuna njia ya mkato ya kwenda mjini, lakini alishika ile ndefu, apitie makanisa yote mawili, ayafungue mara ya mwisho. Ngano ilikwisha kuvunwa na mashamba yalikuwa ya rangi ya mkate. Barabara ile ni nyembamba, lami yake imepasuka katikati na majani yameota kwenye nyufa. Gari lililopita lilikuwa moja, la mwuza mikate, likapiga honi mbili za salamu. Baada ya hapo yalikuwa magurudumu tu, na mnyororo, na tai wanaozunguka juu bila haraka. Kwenye mteremko wa Torrehonda aliziachia breki, kama alivyozoea. Kofia ikataka kuruka, akaishika kwa mkono mmoja. Miezi ya kwanza asingethubutu.

Torrehonda wote watano walikuwa wamekaa kwenye benchi la mawe ukutani, wanacheza karata. Mkubwa wao, Herminio, ambaye alichunga na Teodosio tangu ujanani, alimwona kwanza.

"Leo Alhamisi, wewe zee. Baada ya ufunguo umepoteza na siku?"

"Nazipeleka kwa Padri."

"Unapeleka nini?"

"Funguo."

Herminio akalaza karata zake kifudifudi. "Funguo za nani?"

"Za kanisa."

"Kanisa la nani?"

Teodosio akafikiri. "La Mungu."

"Mungu sijamwona akipaka chokaa ukuta ule. Baba yangu alipaka, na baba yako akamshikia ngazi. Ufunguo ni wa kijiji. Bila baraza hautoki hapa."

Vijiji vidogo kama vile havina madiwani. Kila mkazi ni baraza, na jambo huamuliwa kwa mikono. Herminio akataka kengele ipigwe kwanza.

"Tumekaa benchi moja," akasema Casilda, mama mwenye shali nyeusi. "Unamwita nani?"

"Baraza bila kengele ni umbea."

Kwa hiyo Teodosio akafungua kanisa, ufunguo sahihi safari hii, akavuta kamba. Kengele ikalia. Watano wakakaa vizuri zaidi kwenye benchi lao, na baraza likaanza.

Wawili waliinua mikono ziende: Casilda na mumewe. Mjukuu wao alibabuka pua siku ile ya jua, na Casilda alikuwa hajasamehe. Wawili wakainua zisiende: Herminio na mkewe. Wa tano, Ponciano, hakuinua chochote. Alikuwa ameshika karata nzuri, akaogopa kuonyesha.

"Ponciano, inua mkono."

"Tumalize mchezo kwanza."

"Hii ni kazi ya kijiji, mwanaharamu wewe."

"Na huu ndio mchezo wa kwanza nashinda tangu Pasaka."

Ikawa mbili kwa mbili. Herminio akajikuna kichwa. Torrehonda na Navalobos zina malisho ya pamoja tangu enzi za wafalme, na mila ya malisho ni kwamba kijiji kimoja kikigawanyika nusu kwa nusu, cha pili ndicho huamua.

"Nenda kwa Fora," akasema. "Akisema ziende, zitaenda. Akisema zibaki, Padri atajijua."

"Na umwambie habari za ile pua," Casilda akaongeza.

Toka Torrehonda mpaka Navalobos ni kupanda. Teodosio alipanda taratibu, gia nyepesi kabisa, na kila mzunguko wa pedali alizidi kuona ubaya wa jambo lenyewe. Burgundófora, Bi Fora, alikuwa binamu wa Visi. Ana miaka themanini na mmoja, na Navalobos nzima ni yeye. Funguo za kanisa lake mwenyewe hazikuwekwa kwake kwa sababu kanisa liko juu ya ngazi tisini na magoti yake yaligoma zamani. Lakini ulimi wake haujawahi kugoma. Hakuwahi kumpenda sana Teodosio. Teodosio alipomchumbia Visi, Fora ndiye aliyesema, "Unaolewa na jiwe, binamu. Usije ukalalamika halijibu."

Alimkuta anamenya viazi mlangoni.

"Shemeji. Nimesikia kengele ya Torrehonda nikadhani amekufa mtu. Nani?"

"Hakuna. Lilikuwa baraza."

Akamweleza kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Bi Fora akasikiliza mpaka mwisho, akatupa ganda la kiazi kwa kuku, akainuka. Akavua aproni. Akaingia ndani, akatoka na viti viwili, akaviweka uwanjani, akakaa kimoja.

"Baraza la Navalobos limefunguliwa," akasema. "Burgundófora Calonge? Nipo. Wakazi wote wamehudhuria. Wewe simama, si wa hapa."

Teodosio akasimama, ameshika baiskeli.

"Kuna wanaosema funguo ziende mjini," Bi Fora akaendelea. "Wana hoja. Mshika funguo ni mzee, na amewachomesha watu jua. Huko ofisini kuna kabati na kuna simu." Akahamia kiti cha pili. "Kuna wanaosema zibaki. Nao wana hoja. Mgeni akifika hapa, hatarudi kilomita kumi na mbili mpaka mjini kutafuta ufunguo. Atapiga picha mlango aende zake. Na kanisa lisilofunguliwa huoza." Akarudi kiti cha kwanza. "Nimewasikiliza wote wawili. Kuna mmoja bado sijamsikia. Wewe unataka nini?"

"Padri amesema..."

"Sikuuliza Padri."

Teodosio akatazama usukani. Kuku wakapita. Bi Fora hakumsaidia.

"Visi alikuwa akirudi Jumapili," Teodosio akasema mwishowe, "uso umemwiva, hasemi kitu. Mimi nikadhani amechoka. Nilikuwa nampa kiti na maji. Miaka yote hiyo. Nikamwambia hata aache, atajiua." Akakinyoosha kikapu. "Hakuwa amechoka. Ile ilikuwa furaha. Nimejua nilipoanza kwenda mwenyewe. Ukishuka kule Torrehonda, peke yako, na barabara ni yako... Nataka niendelee kwenda, Fora. Zikichukuliwa, sina sababu ya kutoka nyumbani."

Bi Fora akahamia kiti cha pili. Halafu akasema, "Shemeji, hayo ni mengi kuliko uliyosema kwenye harusi yako." Akainua mkono wake wa kulia juu kabisa, akauhesabu kwa kidole cha kushoto. "Mmoja. Zinabaki. Hakuna aliyepinga."

Kisha akazipapasa funguo zote mbili, akachomoa uzi mwekundu kwenye kikapu chake cha sufu, akafunga mafundo matatu kwenye ufunguo mmojawapo.

"Huu ndio wa Navalobos. Visi alizijua kwa kuzipapasa, wewe huna mikono hiyo. Tangu mwaka juzi hukuwaza kufunga hata uzi?"

"Sikuwaza."

"Mwanamume kweli. Kula kiazi ndipo uende. Huzungumzi na Padri ukiwa na njaa."

Akala viazi na soseji ya pilipili, akashika njia ya Peñalmira. Pale juu, barabara iko wazi kama meza na upepo ulimpiga ubavuni mpaka kikapu kikawa kinayumba. Nyuma yake wakaja waendesha baiskeli watano wenye nguo za kubana na miwani ya rangi, wastaafu wa chama cha baiskeli cha mjini. Wa mbele akapunguza.

"Babu, ingia nyuma yangu, upepo usikumalize."

"Babu ni wewe," Teodosio akasema. "Una mvi kunishinda."

Wakacheka wote watano. Wakampanga katikati yao, wakawa wanapokezana kukata upepo mbele, na yeye akaenda kama aliyebebwa. Alipoona wote wameshika zamu isipokuwa yeye, akaona haya. Akakanyaga kwa nguvu, akatoka mbele na baiskeli yake ya kike, akawakatia upepo mita mia mbili. Nyuma yake mmoja akasema, "Huyu mwachieni, anaendesha na kikapu." Wakaachana kwenye lango la ukuta wa mji. Siku ya soko, vibanda vimejaa chini ya matao.

Padri Braulio alikuwa ofisini, anakula mkate na jibini juu ya makaratasi ya ubatizo.

"Ah, Mzee Teodosio. Umezileta. Ahsante sana."

Teodosio akaziweka mezani, zote mbili. Chuma kikagonga mbao.

"Nimezileta uzione. Naondoka nazo."

Padri akaacha kutafuna. "Vipi tena?"

"Baraza limeamua zibaki kwangu."

"Baraza gani?"

"La Navalobos. Torrehonda walitoka sare."

"Mzee, Navalobos kuna mtu mmoja."

"Alihudhuria."

Padri akamtazama. Teodosio naye akamtazama. Hana desturi ya kueleza jambo mara mbili. Padri akaanza kucheka taratibu, akaweka mkate chini, akafuta mikono. Akauchukua ule wenye uzi, akaugeuza, akaurudisha mezani.

"Bi Fora naye akiamua jambo, askofu mwenyewe hatalitengua," akasema. "Haya. Jumapili saa nne kuna wageni ishirini wa baiskeli, wanatoka Zaragoza, wanataka kuona Torrehonda. Nilikuwa najiuliza nitakwenda saa ngapi kuwafungulia, na nina misa tatu."

"Nitakuwepo saa tatu na nusu."

"Na ile milima ya kurudi nyumbani sasa hivi, utaiweza?"

"Iko palepale."

Akaziokota funguo, akatoka. Akasukuma baiskeli kati ya vibanda vya nyanya na viatu, watu wakimpisha. Nje ya lango akapanda. Upepo sasa ulikuwa usoni na hapakuwa na mtu wa kumkatia. Akainamisha kichwa, akakanyaga.