Mwasmini wa Bi Chiku

Mtaani Ngamiani, miaka ile ya hamsini mkonge ulipokuwa na bei, hapakuwa na uwanja uliofagiwa kama wa Bi Chiku. Alfajiri, kabla hajasema na mtu, alikuwa ameshainama na ufagio wake wa chelewa, na mchanga ukabaki na mistari kama nywele zilizopitishwa kitana. Kuku aliyeikanyaga mistari hiyo alitukanwa yeye pamoja na ukoo wake mzima. Bi Chiku alikuwa mjane, msusi wa mikeka, mwenye binti mmoja aitwaye Kijakazi, na mdomo ambao mwenyewe alisema ulizaliwa siku moja kabla yake.

Mdomo huo ndio uliomponza. Wakwe walipokuja kutoka Tongoni kuposa, mama wa bwana harusi, Bi Sabiha, aliuliza kwa upole tu, maua ya kikuba, kile kishada cha kufungwa bibi harusi, yatanunuliwa wapi. Kununua! Bi Chiku akajiona ametukanwa.

"Mwanangu afungwe kikuba cha asmini ya sokoni? Itatoka uani kwangu, mkwe. Mtaona wenyewe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wageni walipoondoka, akaenda kuutazama mwasmini wake. Majani yalikuwa ya manjano, na ua lilikuwa moja, nalo limeliwa na mdudu.

"Haya, Chiku," akajiambia. "Mfunge mwanao jani."

Kilichomchoma zaidi ni mwasmini wa jirani. Ng'ambo ya ua wa makuti alikaa Praxeda, Mama Eliudi, Mkatoliki kutoka milimani Lushoto, ambaye mumewe alifanya kazi ya reli. Mwasmini wake ulikuwa umepanda hadi juu ya makuti, ukachanua bila haya, harufu yake ikamfuata Bi Chiku mpaka kwenye msala wa kuswalia. Miaka minne ya ujirani, Bi Chiku hakuwahi kumkaribisha ndani. Walisalimiana juu ya ua, basi. Na bombani alikwishawaambia wanawake kwamba yule amefukia kitu chini ya ule mti, maana maua hayachanui hivyo bure.

Asubuhi moja ya masika, mvua imekatika, akaamua kukiona hicho kitu kwa macho yake. Akapiga magoti kwenye tope, akayapanua makuti, akachungulia. Hakuona hirizi wala kibuyu. Chini ya mwasmini wa Praxeda aliona tuta la udongo mweusi, laini, wa vidonge vidogo vilivyosokotwa-sokotwa, na ndani ya udongo ule vipande vya ukili wa mikeka wa zambarau. Akavitazama kwa muda mrefu. Mtaa mzima, nani mwingine aliyetia ukili rangi ile? Aliichemsha mwenyewe, tena kwa siri, wenzake wasimwige.

Zilikuwa taka zake. Nyuma ya bafu lake, pale maji ya kuogea yalipotiririkia, nyungunyungu walitoa kila usiku vijilima vya mavi yao, na yeye kwa kinyaa alivizoa kila kukicha pamoja na mabaki ya ukili, akavisukuma kwa ufagio chini ya ua, kwa jirani, kimya kimya, akijiona mjanja. Miaka yote hiyo alikuwa akiulisha mti wa mwenzake, kisha akauonea wivu, kisha akausingizia uchawi! Akakaa chini palepale kwenye tope, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

"Ungekuwa na akili kidogo tu, Chiku," akasema kwa sauti, "ungekuwa mtu wa hatari."

Uso wa Praxeda ukatokeza juu ya ua. "Mama Kijakazi, umeanguka?"

"Nimeanguka zamani, ndiyo kwanza najua. Hebu niambie, huu uchafu ninaokusukumia, mbona hujanigombeza hata siku moja?"

"Nikugombeze kwa lipi? Kwetu milimani mavi ya nyungunyungu hayatupwi, tunayaweka kwenye shina la mgomba. Nilijua umenipa. Nilikuwa najiuliza tu, mbona huji nikakushukuru."

Bi Chiku akaiokota kanga yake topeni, akaenda moja kwa moja nyuma ya bafu lake.

Tangu siku hiyo akawa anaviokota vile vijilima kwa mkono na kuvitia kwenye kifuu, kwa uangalifu wa mtu anayepakua halua. Aliuzungushia mwasmini wake, akavichanganya na udongo, akawafunika hata nyungunyungu wenyewe kwa majani ya mgomba wasipigwe na jua, na akawaomba radhi. Mti ukaitikia. Majani yakakoza kijani, vitawi vipya vikachipua. Lakini mti hauna habari na harusi ya mtu. Siku yenyewe ilipofika ulikuwa na vitumba vichanga, vimefumba kabisa, havitoshi hata kumpamba paka.

Akajitanda kanga, akaenda kwa Praxeda, na kwa mara ya kwanza akabisha hodi mlangoni. Alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima, yote yakamtoroka.

"Nimekuja kuomba," akasema.

"Nimeshachuma," Praxeda akamjibu, akafunua sinia iliyojaa asmini chini ya kitambaa kibichi. "Ahadi yako niliisikia siku ile ile. Sauti yako haizuiwi na makuti."

Alasiri chumba kilijaa wanawake. Asmini ilikuwa imeshatungwa pamoja na majani ya rihani na maua ya mkadi, na Bi Sabiha akakiinua kikuba, akakinusa.

"Mashallah. Kumbe ni kweli, mkwe? Yametoka uani kwako?"

Watu wakasogea wamsikie. Bi Chiku alikuwa na jibu tayari, tena zuri: udongo si wake? Nusu ya mti ule si jasho la ufagio wake? Hakuna ambaye angembishia. Lakini Praxeda alikuwa amesimama nje ya kizingiti na sinia tupu, kama mtu aliyeleta mzigo na sasa anangoja kuambiwa aende zake. Bi Chiku akaona aibu, aibu ya kweli, isiyo na mzaha.

"Hayakutoka kwangu," akasema. "Yametoka kwa yule pale. Mimi nilichotoa ni taka. Miaka minne nimemtupia uchafu wangu, nikamwita mchawi mtaani, naye leo ananipambia mwanangu."

Kicheko kikapasuka. Bi Sabiha alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Bi Chiku akacheka nao, maana kile alichokiogopa tangu siku ya posa kilikuwa kimeshampata, na hakikumuua. Kisha akaenda mlangoni.

"Ingia, mwenzangu. Wewe ndiye utakayemfunga Kijakazi."

"Mimi? Mila zenu sizijui. Tena mikono yangu imezoea udongo tu."

"Hata yangu imezoea udongo. Lakini yako haina cha kujutia."

Praxeda akavua viatu kizingitini, akaingia.