Tangazo la Dawa ya Sukari

Stela Nibitanga alikuwa akipanga majani ya tumbaku kwa madaraja simu ilipoita. Namba hakuijua.

"Wewe ndiye Stela mwenye ile blogu ya kilimo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Ndiyo, dada. Naongea na nani?"

"Naitwa Kabula, nipo Choma, Igunga. Baba yangu ana sukari. Alisoma kwako kwamba ile dawa ya unga inaponya kabisa, akaacha sindano. Wiki ya tatu sasa. Tangu jana hajitambui, tunampeleka hospitali ya wilaya."

Simu ikakatika. Stela alipopiga, haikupatikana tena.

Blogu hiyo alikuwa ameianza miaka mitano nyuma, hapa Ulyankulu, kwa simu ya mkononi. Aliandika mambo anayoyajua: lini upande karanga, namna ya kuzuia wadudu waitwao dumuzi kwenye mahindi, bei ya asali. Watu wa Kaliua hadi Igunga walimsoma na kumshukuru, lakini shukrani hazikununua bando. Yale matangazo yanayojiweka yenyewe yalimwingizia kidogo mno; mwaka na nusu ulipita bila kufikia kiwango cha kutoa pesa hata mara moja. Duka moja la pembejeo lilimpa tangazo la mwezi mmoja, likanyamaza.

Ndipo akajitokeza Octavian, muuzaji wa ule unga, aliyejiita daktari. Alitaka kulipa kila mwezi, ila si kwa tangazo la kawaida. "Wasomaji wanakuamini wewe," alisema. "Iandike kama habari yako." Akatuma maneno tayari. Stela aliyaweka kama yalivyo, jina lake juu, pamoja na ile sentensi iliyosema amemwona mjomba wake mwenyewe akipona. Hakuwa na mjomba mwenye sukari.

Sasa, baada ya simu ya Kabula, aliufungua ukurasa. Aliifuta ile makala, kisha akaogopa zaidi: je, wataona anaficha ushahidi? Akampigia Octavian.

"Futa na mazungumzo yetu," Octavian alisema bila haraka. "Jina lililo pale ni lako, dada. Langu halipo."

Jioni alimweleza mumewe, Plasidi. Plasidi alizaliwa katika makazi haya wakati wazazi wake bado ni wakimbizi, na hata leo, kitambulisho cha uraia kikiwa mfukoni, meza ya polisi humtia hofu.

"Tukae kimya," alinong'ona. "Wewe hawakujui sura."

"Na mzee akifa? Nakwenda Igunga kumwona."

Alfajiri Plasidi alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Kutoka Tabora hadi Nzega, na Nzega hadi Igunga, Stela alipiga namba ya Kabula mara nyingi, haikupokelewa. Aliwaza msiba, aliwaza pingu, aliwaza watoto wake wakiulizwa shuleni mama yenu yuko wapi. Mara mbili alinyanyuka ili ateremke arudi.

Hospitalini alimkuta Kabula ameketi nje ya wodi, macho yamevimba. Stela alijitaja jina. Kabula alisimama, akasema, "Amezinduka asubuhi. Ingia, umwone ulichokifanya."

Mzee alikuwa amelazwa na dripu mkononi, midomo imepasuka kwa ukavu.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye Stela."

"Marahaba." Mzee alijaribu kutabasamu. "Umetoka mbali, mwanangu. Mjomba wako anaendeleaje?"

Kabula alikuwa nyuma yake, akisikiliza.

"Sina mjomba mwenye sukari, baba. Nililipwa, nikaandika uongo."

Mzee aligeuza uso ukutani. Kabula alimshika Stela mkono, akamtoa nje. "Kaka yangu ameshaenda kuandikisha malalamiko polisi," alisema. "Sitamzuia."

Aliporudi nyumbani Stela aliandika yote kwenye blogu, kuanzia malipo hadi ule uongo, na kuwataka wanaotumia ule unga warudi kliniki. Octavian alimtumia ujumbe wa vitisho. Wasomaji wengi walimtukana, wengine wakaacha kumsoma. Wito wa polisi ulifika wiki iliyofuata. Alikwenda na Plasidi, akaandika maelezo, akaambiwa asubiri.

Watu wawili walimwandikia kwamba nao wameacha sindano. Mmoja, wa Urambo, alirudi kliniki. Mwingine ni mama wa Usinge aliyeuliza tu anywe vijiko vingapi vya ule unga. Stela alimjibu siku ileile, akampigia bila kumpata, akaomba wasomaji wanaomfahamu wamtafute. Huu ni mwezi wa pili, na hakuna aliyempatia habari zake.