Kipande Kilichozikwa Usinge

Nimekaa miaka mingi maabara, nchi ya baridi, nikitengeneza kingamwili: protini ndogo inayotafuta alama moja tu juu ya seli ya saratani ya utumbo mpana, ikaishika hiyo na kuziacha seli nzima zilivyo. Ni kazi ya kuchosha na mara nyingi haileti kitu. Wanafunzi wangu huielewa baada ya wiki kadhaa. Baba yangu, mrina asali wa Usinge, aliielewa kwa simu kabla chai yake haijapoa.

"Kama nyuki wa mlangoni," alisema. "Mgeni anamnusa, wenzake anawapisha."

Nilimpenda sana siku ile. Sikujua kwamba alikuwa ameshaanza kujisaidia damu na ananificha. Aliponiambia, uvimbe ulikuwa umekaribia kuziba utumbo. Wakampasua Tabora mjini, naye akasema wazi kwamba kisu kimeshamgusa mara moja na hakitamgusa tena. Kwa hiyo kile kipande walichokitoa kilikuwa ndicho pekee tulichonacho.

Daktari alikitia kwenye chupa yenye dawa ya kukihifadhi, akamkabidhi shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akimuuguza, siku walipomruhusu baba kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa uwanja wa ndege. Nilimwagiza kwa simu aipeleke kituo cha basi itumwe Dar es Salaam, ikapimwe kama ile alama ipo. Ikiwepo, kuna dawa ya kumtafutia. Isipokuwepo, basi. Lakini hayo yote niliyajua mimi, yeye sikumweleza. Mtu ninayelipiwa nauli kwenda kuwaeleza wageni nilimwamuru shangazi yangu kama mtoto, nikakata simu.

Shangazi alikwenda kituoni kweli, akapanda na baba basi la kurudi Usinge, chupa ikiwa ndani ya kapu.

Nilifika siku ya nne. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, nikauliza majibu ya kipimo. Akanionyesha kwa kidole nyuma ya jiko. Alikuwa amemwaga yale maji yanayonuka, akakiosha kile kipande, akakifunga kwa kitambaa cheupe na kukizika.

Nilifoka. Sikumbuki yote niliyoyasema, na ni heri. Alisubiri nimalize.

"Babu yake baba yetu alibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, hakurudi," alisema. "Mdogo wake alifia njiani, hatujui wapi. Njia ile ya pwani imeshakula watu wetu. Sikuweza kumpeleka kaka yangu huko, hata kipande."

Nikachukua jembe. Nilijua fika kwamba nyama iliyooshwa ikalala udongoni siku tatu haipimiki tena. Mwanafunzi ambaye angeniletea kitu kama hicho ningemtimua. Nilichimba hivyo hivyo, kwa hasira, mpaka ncha ya kitambaa ikaonekana. Nilipoinua uso nikamwona baba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, shati limempwaya, ananitazama.

"Kitafaa?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Basi nirudishie udongo wangu, mwanangu."

Nilifukia kwa mikono. Jembe nililionea aibu.

Mganga hajigangi, husema wakubwa. Mimi hata baba yangu sikumganga. Sitajua kamwe kama ile alama ilikuwepo. Alifariki kabla ya msimu wa kurina asali, tukamchimbia kaburi pale pale nyuma ya jiko, shangazi akisimamia ili majembe yasipaguse pale alipotangulia kumzika.

Nimerudi maabara. Chupa ya mgonjwa nisiyemjua ikiletwa mezani, mimi huuliza kwanza kama ndugu zake walielezwa inakwenda wapi na kwa nini. Wenzangu hudhani ninauliza habari za fomu ya ridhaa.