Kuwaombea Wenye Bunduki

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya Lipangalala, hapa Ifakara, husali Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaenda shambani, na mwenyekiti wake ni mimi. Sikuutaka uenyekiti. Nilipostaafu kufundisha shule ya msingi watu waliona nina muda, wakanipa. Kazi yenyewe si nzito: tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kila mmoja anasema lililomgusa, tunapokea maombi, tunafunga. Inakuwa nzito kwa sababu ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni fundi mitambo aliyestaafu kwenye kiwanda cha sukari. Alikuja huku bondeni kwetu akiwa kijana kutoka upande wa Iringa, akazeekea kwenye miwa, akajenga hapa kwetu. Ni mtu mwema, na sisemi hivyo kwa adabu. Upepo ulipoezua bati zangu alipanda mwenyewe juu, na umri ule, akazigongomea. Lakini tangu mwanawe amletee simu kubwa, Fundi anaishi vitani. Kuna vita huko kwenye nchi za Biblia, na yeye ana upande wake kama wengine walivyo na timu ya mpira. Anajua majina ya ndege na makombora. Anakuja kusali ametoka kutazama nyumba za watu zikibomoka, na uso wake unang'aa.

Siku moja Injili ilikuwa ile ya kuwapenda adui. Nilimwangalia nikiisoma. Nilipomaliza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Hapo Bwana anaongelea jirani," akasema. "Mtu aliyekusogezea mpaka wa shamba, au aliyekusengenya. Haongelei mataifa. Mataifa yana utaratibu wake."

"Huo utaratibu umeusoma wapi, Fundi?"

"Kwa Yoshua, Mwalimu. Kwa Daudi. Hao nao walikuwa wapagani?"

Nikamwambia Daudi alikatazwa kujenga hekalu kwa sababu ya damu aliyoimwaga. Akasema hekalu lilijengwa na mtoto wake, kwa hiyo lilibaki katika ukoo. Mtu akikujibu hivyo utafanya nini? Ulipofika wakati wa maombi akasali kwa sauti ya kiwandani, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, akaomba adui wa taifa teule wafagiwe wao na mbegu yao.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba tuliyosalia, pana duka la kijana mmoja Mwislamu. Wazazi wake walitoka pwani wakafungua duka kabla hata mimi sijaanza kazi. Tulipomaliza nikaenda kwake kununua sabuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Salama. Leo mmesali kwa nguvu."

"Tumesali."

"Mungu awapokelee," akasema, akanifungia sabuni yangu kwenye gazeti.

Sauti yake haikuwa na kejeli. Ningeshukuru kama angenigombeza. Nilirudi nyumbani na sabuni yangu nimejaa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi.

Nikaenda kwa paroko. Nilitaka anipe maneno machache ya kumfungia Fundi mdomo. Nikamuuliza kama Mkristo anaweza kushangilia vita na bado akajiita Mkristo. Akanikaribisha kiti, akanieleza kwamba Kanisa lina mafundisho marefu juu ya jambo hilo: vita vya kujilinda si sawa na vita vya kuvamia, yapo masharti, nia huangaliwa, kiasi cha nguvu huangaliwa.

"Padre," nikasema, "mimi nina jumuiya ya wakulima na saa moja ya kusali. Nipe kwa kifupi."

"Kwa kifupi, Mwalimu, inategemea."

Kisha akaniuliza kama jumuiya yetu itashiriki kusafisha kanisa wiki ile. Nikasema itashiriki.

Hayo yote yalikuwa maneno tu mpaka vita vilipoingia nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kike, tunayekaa naye ua mmoja, ana mtoto wa kiume mwanajeshi. Baba wa kijana huyo alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo tulimlea wawili, mimi kwa kumsimamia masomo na mdogo wangu kwa mengine yote. Alikuwa mtumikiaji altareni mpaka miguu yake ilipoishinda kanzu. Akaenda jeshi, tukazoea. Halafu ikaja simu kwamba kikosi chao kinakwenda Kongo kulinda amani.

Mdogo wangu alipopata habari ile hakulia. Alitwaa jembe akaenda shambani Katindiuka, akalima mpaka jua kali, akarudi, akapika. Fundi ndiye aliyekuja na furaha. "Sasa jumuiya ina mtu wake mstari wa mbele," akasema, na kuanzia hapo kila Jumamosi tulikuwa na vita viwili vya kuombea badala ya kimoja.

Mimi nikavumilia kwa sababu nilikuwa na tumaini langu. Nilijiambia, kijana huyu akirudi likizo atakuwa ameviona vita kwa macho, si kwa simu. Atasema mwenyewe mbele ya watu jinsi vilivyo, na Fundi atanyamaza. Kila nilipomkumbuka kijana kule porini nilikuwa pia namngojea kama shahidi wangu.

Akaja. Alikuwa amekonda kidogo usoni na mabega yamepanuka. Mpunga ulikuwa unaanza kutia maziwa, wakati ambao kila mtu bondeni anashinda shambani kuamia ndege wasiumalize, lakini Jumamosi ile watu walijaa uani kwetu kwa sala ya shukrani. Fundi alimshika kijana mkono akawa hauachii.

"Tuambie, kijana wetu. Mmewatandika kweli?"

"Tulikuwa tunalinda raia, mzee," akajibu. "Kuna kijiji ambacho watu walilala usingizi kwa sababu sisi tulikuwepo. Hilo naweza kulisema."

Watu wakapiga makofi. Nikaona shahidi wangu anaponyoka, nikamuuliza, kwa sauti yangu ya darasani, "Na Injili uliyoitumikia altareni, huko uliiweka wapi?"

Akanitazama. "Rozari nilikuwa nayo mfukoni, Mama mkubwa. Bunduki mkononi. Vyote viwili nilikuwa navyo."

"Amina," akasema Fundi, na watu wakaitikia amina, na mtu mmoja akaanzisha wimbo. Nilikwenda jikoni kusaidia kupakua chakula ili nisionekane uso.

Jumatatu nikafuatana naye Katindiuka. Ndege walikuwa wakishuka makundi kwa makundi, na yeye alisimama kwenye tuta na kombeo, akirusha vidonge vya udongo huku mimi nikigonga debe. Sikumzungusha.

"Juzi ulinifedhehesha."

"Kwa lipi, Mama mkubwa?"

"Fundi sasa hashikiki. Jana baada ya misa amewasimulia watu maneno yako kama mahubiri."

Akacheka. Akarusha udongo, ndege wakaruka, wakatua shamba la jirani. "Wewe unataka nijute mbele za watu ili umshinde mzee wa watu."

"Nataka useme kweli."

"Nilisema kweli. Watu walilala."

"Na wale waliokuja kuwaamsha, wao waliishia wapi?"

Hapo akashusha kombeo. Niligonga debe kwa muda, nikidhani nimeshinda, kisha nikaacha kwa sababu nilimwona amekaa chini kwenye tuta.

"Mmoja wao alikuwa na umri wa wanafunzi wako wa darasa la saba," akasema. "Sijui kama ni mimi niliyempata. Tulikuwa tunapiga wengi kwa pamoja. Tungeacha, wangeingia kijijini, na tulishaona kijiji kingine walichoingia. Usiniambie nijute. Hata leo ningepiga."

"Sikuambii."

"Lakini sijakomunika tangu siku ile."

Nikamuuliza kama ameungama. Akasema ameungama kwa padre wa jeshi, na padre akamwambia asijitese, hana kosa, alitimiza wajibu wake. Kisha akamwondolea dhambi.

"Sasa, Mama mkubwa, wewe uliyesoma. Kama sina kosa, ameniondolea nini? Na kama aliniondolea, si ina maana lilikuwepo? Nimelifikiria sana. Nasimama kwenye mstari wa komunyo vizuri tu, nikikaribia natazama mikono yangu, narudi kukaa. Jana uliniona nimetoka nje ukadhani napokea simu."

Kweli nilidhani hivyo. Nilikuwa hata nimemnung'unikia moyoni.

Nikamwambia maneno hayo ndiyo ambayo jumuiya inapaswa kuyasikia. Nikamwambia yangewafaa watu wengi, Fundi akiwa wa kwanza.

"Usiyapeleke Jumamosi," akasema.

"Mwanangu—"

"Nimekuambia wewe. Sikumwambia mwenyekiti."

Basi nikawa nalo jibu nililolitafuta miezi yote ile, zito kuliko la paroko na kuliko lolote ambalo ningeweza kulitunga, nami siwezi kulifungua kinywani. Wajue wenye kupenda mabishano kama mimi: hakuna adhabu inayozidi hiyo. Fundi alikuja kumuaga kijana siku ya kuondoka, akambariki kwa maneno ya Yoshua, na mimi nilisimama pembeni nimeshika ndoo, nimefunga mdomo.

Jumamosi iliyofuata tukasalia tena uani kwetu. Injili nimeisahau ilikuwa ipi. Ulipofika wakati wa maombi Fundi akaanza. "Tumwombee kijana wetu. Bwana amtie nguvu awafagie wote wanaosimama mbele yake."

Sikungoja amalize. "Tumwombee yeye," nikasema, "na hao walio mbele yake, wote warudi makwao."

"Warudi makwao ili kesho waje tena?" akauliza Fundi.

"Tunasali, Fundi. Hatupangi vita."

"Mwalimu, mtoto akiwa vitani, sala nayo ni vita."

"Sema hivyo mbele ya msalaba basi."

"Nasema mbele ya msalaba. Uko hapo, nauona."

Watu waliinamisha vichwa, wengine kwa aibu, wengine kwa kuzuia kicheko. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, na Mungu ananijua, neno la Katindiuka lilikuwa limefika kwenye ulimi. Hapo mdogo wangu akasimama. Kwenye jumuiya huwa hasemi. Huleta uji, hukusanya vikombe.

"Naombeni mninyamazie wote wawili," akasema. "Mwenye mtoto ni mimi. Fundi, mwanangu si timu yako. Dada, mwanangu si somo lako la kufundishia."

Akafumba macho.

"Bwana, sitaki mtoto wa mwenzangu afe. Mama yake naye yupo mahali anakuomba, na wewe unatusikia wote wawili, sijui unafanyaje. Lakini wakikutana yeye na wangu, wangu awahi. Ndivyo ninavyoomba. Kama ni dhambi, iandike kwangu, usiiandike kwake."

Akakaa.

Kwa kawaida kiongozi ndiye huanza kuitikia na wengine hufuata. Fundi alikuwa ametazama chini. Nikaelewa kwamba wananingoja mimi. Miaka yote niliyofundisha dini nilijua sala kama ile haifai. Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaojua msimamo wangu. Nikasema, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na jumuiya nzima ikanifuata.

Watu walipoondoka nilimfuata mdogo wangu kwenye beseni la vyombo. Nilikuwa nimemkasirikia, nimejikasirikia zaidi mimi.

"Ile haikuwa sala ya Kikristo," nikamwambia.

"Ilikuwa ya nani, basi? Aliyeisali ni Mkristo."

"Yesu alimwambia Petro arudishe upanga."

"Petro alikuwa na upanga, dada, alikuwa mtu mzima, na alisimama karibu na Yesu akamsikia. Wangu yuko Kongo. Nipe hivyo vikombe."

Nikampa vikombe.

Kijana alirudi salama kikosi chao kilipomaliza zamu. Siku hizi yuko kambini upande wa Morogoro. Mwaka jana alifunga ndoa hapa Ifakara na binti wa kijiji cha Namawala, na katika misa maharusi hutangulia kukomunika kabla ya watu wote. Mimi nilikuwa benchi la mbele. Sikusikia neno hata moja la mahubiri. Padre alipoteremka na hostia nilimwona kijana anatazama mikono yake iliyovaa glovu nyeupe, na bibi harusi ameshapokea anamngojea. Akapokea.

Jioni, ngoma zikiendelea na Fundi akiwa katikati anacheza vizuri kuliko vijana, nilimvuta kijana kando nikamuuliza nini kilichobadilika.

"Hakuna," akasema. "Ningemwachaje peke yake pale mbele? Watu wote wanaangalia."

"Kwa hiyo umeshalimaliza lile jambo?"

"Sijui kama limekwisha, Mama mkubwa. Jumapili ijayo nitaona."

Nikamwambia kwamba jibu hilo halinisaidii hata kidogo. Akasema anajua. Nikamwomba ruhusa ya kuyaandika haya siku moja, maana kuyanyamazia kumenichosha. Akafikiri kidogo, akaniambia niandike nikitaka, ila nisiweke jina la mtu, na nisimwonyeshe kuwa amejuta kuliko alivyojuta. Kisha mama yake akamwita akate keki.